Aibu na Fedheha: Maneno ya Kiingereza na Yanayolingana Nayo katika Kirusi

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza "shame", kwa desturi huandika "aibu" akaendelea na kazi yake. Hapana wa kumlaumu, maana kamusi zamruhusu. Lakini ikiwa neno hilo "shame" lenyewe ni tafsiri ya neno la Kirusi, jambo lageuka kuwa zito. Nyuma yake huenda kumesimama "styd", au "sram", au "pozor", na maneno hayo matatu hayasemi jambo moja. Wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wamezipata hadithi za Warusi kwa njia ya Kiingereza, ingawa kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyosimamiwa na D. A. Olderogge ilikwisha kutolewa mjini Moscow mwaka 1961. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni kitu gani kinachopotea njiani, na kama kilichopotea chaweza kurudishwa.

Makala haya yakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba neno "shame" limekusanya chini yake maana ambazo Kirusi kimezigawa. Pili, kwamba mgawanyo huo wa Kirusi hauhusu ukubwa wa aibu, bali wahusu ni nani anayeona. Tatu, kwamba Kiswahili kinao mgawanyo ulio karibu sana na huo wa Kirusi, na kwa sababu hiyo mfasiri anayefuata Kiingereza bila ya hadhari hutupa mali aliyokuwa nayo nyumbani.

I. Maneno ya Kiingereza

Neno "shame" ni la asili katika lugha za Kijerumani. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sceamu", na ndugu yake katika Kijerumani cha leo ni "Scham". Wako wataalamu waliolihusisha na shina lenye maana ya kufunika, kwa hoja kwamba mwenye haya hutaka kujifunika. Hoja hiyo yapendeza, lakini haijathibitishwa kwa yakini, wala haihitajiki ili kuieleza kazi ya neno hilo leo.

Kazi yake leo ni nne. Kwanza ni uchungu wa moyo anaousikia mtu akijua kuwa ametenda lisilofaa. Pili ni ile tabia njema ya kuweza kuusikia uchungu huo. Ndiyo maana asiyekuwa nayo huitwa "shameless". Tatu ni hali ya kuanguka heshima mbele ya watu, kama mtu alivyoweza kuiletea jamaa yake "shame" hata kama mwenyewe hakujali. Nne ni masikitiko matupu: Mwingereza akiambiwa kuwa mvua imeharibu karamu, husema "what a shame", wala hapana aliyekosa. Kirusi katika mahali hapa pa nne husema "zhal'", yaani ni jambo la kusikitisha. Mfasiri akiandika "styd" atakuwa ameishitaki mvua.

Neno "disgrace" lina historia nyingine. Liliingia katika karne ya 16 kutoka Kifaransa na Kiitaliano, nalo limejengwa kwa kikanushi na neno lenye maana ya fadhili au upendeleo. Hapo kwanza lilisema habari za baraza la mfalme: aliyekuwa "in disgrace" ni mtu aliyenyimwa fadhili za mkubwa wake. Katika Kiitaliano "disgrazia" limechukua njia nyingine, na leo maana yake ni msiba au ajali. Katika Kiingereza maana ya kupoteza fadhili ya mmoja imepanuka ikawa kupoteza heshima mbele ya wote. Lakini ile ya kwanza haijafa, kwani hata mtoto aliyesimamishwa pembeni mwa chumba kwa utundu wake huambiwa yuko "in disgrace".

"Ignominy" na "infamy" yametoka Kilatini, na yote mawili yana harufu ya sheria za Warumi. La kwanza limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana ya jina, likasema habari za mtu aliyeharibikiwa na jina lake. Maofisa wa Roma waliohesabu raia waliweza kutia alama mbaya penye jina la mtu. La pili limejengwa juu ya neno lenye maana ya sifa au uvumi. "Dishonour" lilipitia Kifaransa, nalo ni kinyume cha heshima, basi.

Limebaki "embarrassment". Asili yake ni kizuizi: kumziba mtu njia, kumtatiza. Katika Kihispania neno la ukoo huo, "embarazada", ni mwanamke mja mzito. Katika Kiingereza limefika kusema fadhaa ya mtu aliyejikuta katika hali asiyojua jinsi ya kujitoa mbele ya wengine. Lililo la muhimu ni kwamba si lazima awe ametenda dhambi. Mtu aliyesifiwa kupita kiasi huweza kuwa "embarrassed". Hawezi kwa sababu hiyo tu kuwa "ashamed".

II. Maneno ya Kirusi

Katika Kirusi neno la kwanza ni "styd". Wanachuo wa asili ya maneno, akiwamo Max Vasmer ambaye kamusi yake ilitolewa Heidelberg kati ya 1950 na 1958, wamelihusisha na maneno ya baridi: "stuzha", baridi kali, na "stynut'", kupoa au kuganda. Mtu aliyeshikwa na "styd", kwa asili ya neno, ni mtu aliyeingiwa na baridi. Lakini asili ya neno si mtawala wa matumizi yake. Mrusi wa leo huona "styd" kwa uso kuwaka moto, wala haoni kinyume chochote.

Sarufi yake ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mrusi hasemi kwa kawaida kwamba yeye "ni" mwenye aibu. Husema "mne stydno", na maana yake ni kwamba kwake yeye kuna aibu. Mtu hakuwekwa mahali pa mtendaji, amewekwa mahali pa mpokeaji: jambo limemjia. Mswahili hatalistaajabia jambo hili, kwa kuwa naye husema "haya zimenishika", na hapo haya ndizo zinazotenda, mtu ndiye anayeshikwa. Au husema "naona haya", akaifanya haya kuwa kitu kilichosimama mbele ya macho yake. Mwingereza asemapo "I am ashamed" ameifanya aibu kuwa sifa ya nafsi.

Neno la pili ni "sram". Umbo hili lilitoka katika lugha ya kanisa la Waslavi; umbo la wenyeji lilikuwa "sorom", na mpaka leo Kiukraini chatumia "sorom" kuwa neno lake la kawaida la aibu. "Sram" ni neno zito na la ukali. Laweza kutaja viungo vya siri vya mwili, na kwa hiyo hubeba daima fikira ya uchi uliofunuliwa. Bibi amkemeapo kijana aliyetoka nje bila ya mavazi ya adabu, "sram" ndilo neno lake.

Neno la tatu, "pozor", ndilo lenye kufungua mlango wa somo zima. Shina lake ni lile la kutazama, lililomo pia katika "zrenie", uoni, na "zrelishche", tamasha. Zamani "pozor" katika Kirusi lilikuwa na maana ya kitu kinachotazamwa. Lugha jirani zimehifadhi maana hiyo: katika Kicheki mtu akiona tangazo lenye neno "pozor" haambiwi kuwa ameaibika, bali aonywa awe macho, na katika Kiserbia "pozorište" ni nyumba ya michezo ya kuigiza. Kirusi peke yake hakikuwa na njia hii, kwa kuwa Kibulgaria pia kimelifanya neno hilo kuwa la fedheha. Njia yenyewe yaeleweka: kitu kinachotazamwa na wote, na kisha mtu anayetazamwa na wote akiwa katika hali asiyotaka kuonwa.

Neno la nne ni "beschestie", kukosa au kuvunjiwa heshima, kwa kuwa "chest'" ni heshima. Hili lilikuwa neno la mahakama. Sheria kuu ya Urusi ya mwaka 1649, iitwayo Sobornoye Ulozheniye, iliweka malipo kwa aliyevunjiwa heshima, nayo yalipanda na kushuka kwa cheo chake. Aliyemvunjia heshima mke wa mtu alitakiwa kulipa mara mbili ya malipo ya mumewe. Katika maana hii heshima ni mali, inaharibiwa na hulipwa. "Styd" haikuwa na bei, wala haikuweza kuwa nayo.

Hatimaye kuna maneno mawili ambayo huangaza maana ya kale ya "disgrace". "Opala" ni ghadhabu ya mfalme kwa mtumishi wake, ambayo mabwana wengi waliionja katika zama za Ivan wa Nne. "Nemilost'" ni kukosa fadhili, nalo limejengwa sawasawa na "disgrace": kikanushi pamoja na fadhili. Kwa hiyo mwandishi wa historia akisema kwa Kiingereza kwamba bwana fulani wa Moscow alianguka katika "disgrace", mfasiri asikimbilie "pozor" wala "fedheha". Huenda watu wote walimheshimu bwana huyo kama jana, na mfalme peke yake ndiye aliyekasirika.

III. Serikali na Fedheha

Tofauti ya "styd" na "pozor" si ya makamusi tu. Serikali zimewahi kuitegemea, na zimewahi kudanganyika nayo.

Katika Kirusi nguzo ambayo mhalifu alifungwa ili watu wamtazame huitwa "pozornyi stolb", nguzo ya "pozor". Katika jina hili maana mbili za neno, tamasha na fedheha, zimekutana. Mwezi wa Mei mwaka 1864, kwa hesabu ya kalenda ya zamani, mwandishi Nikolai Chernyshevsky alisimamishwa penye nguzo kama hiyo katika uwanja wa Mytninskaya mjini St. Petersburg, kabla ya kupelekwa Siberia. Alivikwa kifuani ubao uliomtaja kuwa mhalifu wa dola, na upanga ulivunjwa juu ya kichwa chake. Serikali ilikuwa imeandaa "pozor" kamili: nguzo, ubao, na watazamaji. Lakini katika umati ule alitokea mtu akamrushia shada la maua.

Uingereza nayo ilikuwa na nguzo ya namna hiyo, iitwayo "pillory", ambayo ilifutwa na sheria mwaka 1837. Daniel Defoe alisimamishwa juu yake kwa siku tatu mwezi wa Julai 1703, kwa sababu ya kijitabu alichokiandika kwa kejeli juu ya mambo ya dini. Masimulizi ya kale yasema kwamba watu, badala ya kumtupia uchafu, walimtupia maua.

Visa hivi viwili vyafundisha jambo moja la maana ya maneno. Mwenye nguvu aweza kuamrisha mtu atazamwe. Hawezi kuamrisha watazamaji waone nini, wala hawezi kumwamrisha anayetazamwa aone haya. Akiwa na neno "pozor" msimulizi aweza kusema bila ya tabu kwamba nguzo ilisimama na "styd" haikuja. Akiwa na "shame" peke yake atalazimika kueleza kwa maneno mengi. Hata hivyo si haki kusema kwamba Kiingereza hakiwezi: msemaji wake akitaka huweza kusema kwamba mtu alipata "disgrace" bila ya kuona "shame". Tofauti ni kwamba Kiingereza chamruhusu mtu asiitaje tofauti hiyo, na Kirusi chamlazimisha kuchagua.

IV. Ushahidi wa Riwaya

Tolstoy katika "Anna Karenina", riwaya iliyotolewa kwa sehemu kuanzia 1875, ameyaweka maneno haya mawili katika mahali pawili palipo mbali, na msomaji wa Kirusi huyasikia yakiitikiana.

Mahali pa kwanza ni ndani ya treni. Anna arudi Petersburg kutoka Moscow, anasoma riwaya ya Kiingereza, na ghafula aona kwamba shujaa wa kitabu angepaswa kuona haya, na kwamba yeye mwenyewe aona haya kwa jambo lile lile. Ajiuliza ni jambo gani. Apitisha kumbukumbu zake zote za Moscow na haoni kosa. Lakini kila afikapo kwenye kumbukumbu ya Vronsky hisia ile yazidi kupamba moto. Hapana anayemshitaki. Neno la Tolstoy hapa ni la ukoo wa "styd".

Mahali pa pili ni katika nyumba ya opera, baada ya Anna kumwacha mumewe. Bibi aliyeketi karibu naye ainuka na kuondoka, na baadaye Anna amwambia Vronsky kwamba bibi yule alisema ni jambo la "pozor" kuketi kando yake. Neno lile, ambalo asili yake ni tamasha, limetamkwa mahali ambapo watu wamekuja kutazama, na wote wamegeuka kumtazama mmoja. Mfasiri wa Kiingereza anayo "disgrace", na yafaa. Lakini mfasiri wa Kiswahili akiandika "aibu" katika treni na "aibu" katika opera, amemfanya Anna apatwe na jambo moja mara mbili. Katika treni hakimu ni moyo wake; katika opera hakimu ni mji mzima. Msiba wa kitabu umo katika umbali wa mahakimu hawa wawili.

Dostoevsky aliligeuza jambo hili upande wa pili. Katika ile sura ya "Besy" iliyokataliwa na mchapishaji wake Katkov na ambayo haikuonekana kwa wasomaji mpaka 1922, Stavrogin ataka kutangaza maovu yake kwa karatasi zilizopigwa chapa. Autafuta "pozor" kwa hiari yake. Mtawa Tikhon, aliyeisoma karatasi, aona kwamba mtu huyu aweza kuvumilia chuki ya watu wote, lakini huenda asivumilie kicheko chao. Yaani yuko tayari kwa tamasha kubwa, na bado hajafika kwenye haya ndogo. Tafsiri inayotumia neno moja kwa yote mawili haiwezi kuibeba hukumu ya Tikhon.

V. Kiswahili Kilivyo

Kiswahili kimejaliwa katika jambo hili. Kwanza lipo "soni", neno la Kibantu lililoenea mbali: Waganda husema "ensonyi", Wanyarwanda "isoni", Wakikuyu "thoni". Kisha yapo yaliyotoka Kiarabu, na kila moja limekuja na picha yake. "Haya" ni soni na adabu pamoja. "Aibu" kwa asili yake ni kasoro. "Fedheha" limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kufichua, kuweka hadharani kilichositirika. Basi "fedheha" na "pozor", bila ya kuambiana, yamepita njia moja: lote ni kuonwa na watu.

Kipimo kimoja chatosha kuyapanga. Mtu akiambiwa ana haya, amesifiwa. Akiambiwa hana haya, ametukanwa. Kirusi vivyo hivyo humhimiza mtu awe na "styd", na asiyekuwa nayo humwita "besstydnyi". Lakini hapana amwombeaye mwenziwe awe na fedheha, wala hapana Mrusi amtakiaye mwanawe "pozor". La kwanza ni ulinzi, la pili ni pigo. Tena Kiswahili chaweza kusema waziwazi "amefedheheka wala hakuona haya", na sentensi hiyo yaingia katika Kirusi neno kwa neno.

Lenye hatari kubwa kwa mfasiri ni hilo hilo analolikimbilia, "aibu", kwa kuwa ndilo pana kuliko yote. Katika methali "aibu ya maiti aijuaye ni mwosha", aibu si uchungu wa moyo, kwani maiti hana uchungu. Wala si fedheha, kwani hapana aliyetangaza. Ni kasoro iliyositirika kwa uaminifu wa mtu mmoja. Anayeipeleka methali hiyo katika Kirusi kwa neno "styd" atakuwa amempa maiti moyo, na kwa neno "pozor" atakuwa amemshitaki mwosha kwa uchongezi. Mwosha akienda akasema sokoni, hapo ndipo "pozor" litakapofaa.

Kutokana na haya yaweza kutolewa mwongozo, usio sheria ya kudumu. Mahali penye "styd", haya au soni hutangulia. Mahali penye "pozor", fedheha ndiyo kwanza. Penye "sram" yafaa kutazama kama pana fikira ya uchi, na hapo "aibu" hupata haki yake. "Beschestie" ni kuvunjiwa heshima. "Opala" na "nemilost'" ni kukosa radhi ya mkubwa. Na "embarrassment", ambalo hata Kirusi hukosa neno moja la kulitosha, likigawa kazi baina ya "smushchenie" na "nelovkost'", katika Kiswahili mara nyingi ni kutahayari, na mara nyingine ni kufadhaika tu.

Ikiwa kitabu cha Kirusi hakipatikani ila kwa Kiingereza, mfasiri bado hakukosa njia. Kila afikapo penye "shame" na aulize: ni nani anayetazama hapa? Ikiwa hapana mtu, na mtu huyo bado aungua, jibu ni haya. Ikiwa ni watu, na mtu huyo labda haoni kitu, jibu ni fedheha. Swali hilo ni dogo, lakini anayeliruka huweza kumtoa mtu katika mahakama ya dhamiri yake akampeleka katika mahakama ya jirani, na msomaji asijue kwamba hukumu imebadilishwa.